Wa Bahari

1

Samaki wa kwanza hakuhesabiwa. Mejumaa alimwona vizuri tu, chewa mwenye mdomo mnene aliyejikalia mlangoni pa tundu lake, akamwambia kimoyomoyo, "Wewe wa bahari." Kisha akaanza na yule aliyekuwa nyuma yake: moja.

Ndivyo alivyofundishwa na marehemu mumewe, Hatibu, na ndivyo alivyohesabu miaka yote. Wa kwanza ni wa bahari. Wanaofuata unawahesabu moja hadi ishirini, hiyo ni korija, unapiga mstari mmoja kwenye ubao wa plastiki uliofungwa mkononi. Halafu unaanza upya: wa bahari, moja, mbili, tatu. Vijana wa vyuo walipokuja mara ya kwanza walicheka. Walipozama wenyewe waliacha kucheka, maana mita tisa chini ya maji, mpira wa hewa mdomoni na mkondo ukikuvuta kiunoni, kichwa cha mtu hakibebi namba kubwa. Ishirini kinabeba.

Nyuma yake Injinia Nakunda Msangi alikuwa akiachia kamba ya kupimia, mita hamsini za rangi ya chungwa, kutoka tofali hadi tofali. Nakunda alikuwa Mpare wa milimani aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka ishirini na tisa, na hadi leo alipiga mateke kana kwamba maji yamemtukana. Lakini kamba yake haikupinda hata mara moja. Mejumaa alikwenda kushoto kwa kamba, akarudi kulia kwake, akihesabu kila samaki mkubwa kuliko kiganja. Changu. Tasi. Pono wawili wakitafuna saruji. Mkundaji, mkundaji, kangaja. Mstari.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini kazi hii haikuachiwa kamera. Iliachiwa, zamani. Kamera zikamhesabu changu mmoja mara kumi na moja kwa kuwa alikuwa mpenda kujionyesha, na tangu hapo Mamlaka ya Matumbawe ikataka macho ya binadamu na sahihi ya binadamu.

Watu wa kijiji cha Mwambarongo waliliita tumbawe hilo Mjini, kwa sababu lilijengwa kwa matofali ya saruji yaliyopangwa mitaa mitaa. Na mwisho wa kila mtaa alikaa manju. Manju kumi na wawili, kila mmoja chungu cha chuma chenye ukubwa wa sufuria la pilau la harusi, kimewambwa ngozi ya mpira inayotetemeka. Hao ndio waliowaleta samaki.

Maana ule Mwaka wa Joto, bahari ilipochemka wiki tisa na matumbawe ya pwani nzima yakawa meupe, jambo baya kuliko weupe lilikuwa ukimya. Vitoto vya samaki huzaliwa mbali, kwenye maji ya kina, na hutafuta nyumbani kwa masikio. Tumbawe lililo hai hupiga kelele mchana kutwa: kamba wanabofya, pono wanatafuna, changu wanakoroma. Tumbawe lililokufa halisemi kitu, na vitoto vinapita mbele yake bila kujua kwamba pana mlango. Ndipo mafundi walipotengeneza manju, mashine za kuita. Hazikupewa wimbo wa kurudiarudia. Zilisikilizishwa mamia ya saa za sauti ya tumbawe la mwisho lililokuwa hai, kisha zikaachwa zijifunze zenyewe: zinaloimba likifuatwa na samaki, zinalishika, lisipofuatwa, zinalitupa.

Aliyerekodi zile saa alikuwa Hatibu. Mwezi mzima alizama pale akiwa na barakoa yenye kipaza sauti, akihesabu samaki kwa sauti huku mkewe akiogelea kando yake.

Mejumaa alifika mwisho wa mtaa wa tisa. Hakuhitaji kutazama namba iliyopigwa rangi. Alilegeza miguu, akashika tofali, akangoja.

Chini ya maji sauti haiji kwa sikio, huja kwa mifupa ya kichwa. Kwanza ulikuja ule mchemko wa kawaida, kama mafuta kikaangoni. Halafu ndani ya mchemko, taratibu, ikajikusanya sauti ya mwanamume mwenye mafua kidogo.

*Wa bahari. Moja. Mbili. Tatu. Meju, umeona?*

Alikuwa amekufa miaka minane sasa. Mtu aliyezamia miaka ishirini akafia nchi kavu, kibarazani, akifunga kamba za viatu. Sauti hii haikutokea wakati wa msiba. Ilitokea mwaka wa pili, kidogo kidogo, manju wa tisa alipogundua mwenyewe, kwa akili yake ya chuma, kwamba samaki wanaipenda. Mejumaa aliwahi kumwomba Nakunda amnasie kwenye simu. Walipoisikiliza nchi kavu ulikuwa mchemko mtupu. Na zile saa za awali hazikuwepo tena. Manju walizila zote wakati wa kujifunza, na unga ukishakuwa mkate huurudishi kuwa unga.

*Meju, umeona?*

Hakuwahi kuitika. Pwani kote mtoto hufundishwa: ukiitwa jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Alishika tofali hadi Nakunda alipomgusa bega na kumwonyesha saa.

2

Kwenye boti Nakunda alivua mapezi, akautwaa ubao, akahesabu mistari mara mbili kwa ncha ya penseli.

"Korija tisini na nane, dada Mejumaa."

"Tisini na nane."

"Mara ishirini. Elfu moja mia tisa na sitini." Alipandisha pumzi, akaishusha. "Tumekosa arobaini tu! Ningekuwa najua ningeleta wa kwetu kutoka bwawani."

Mejumaa alicheka kidogo kwa kuwa ilimpasa. Akageuka kukamua nywele.

Sheria ilikuwa fupi. Tumbawe likifikisha samaki elfu mbili, limebaleghe, linaweza kujiitia lenyewe. Manju wanazimwa siku hiyo hiyo. Kwa siku arobaini mafundi wanasikiliza kama samaki wanabaki, kisha manju wanang'olewa, wanafutwa vichwa, wanafundishwa sauti ya tumbawe jipya na kupelekwa kijiji kinachofuata. Pwani nzima ya kaskazini ilikuwa na manju hawa kumi na wawili basi. Lisipofikisha, wanabaki mpaka hesabu ijayo, baada ya miaka mitatu. Na kijiji kilichokuwa kinafuata kilikuwa Sindeni, ambako matofali yalishalazwa baharini na kuota mwani tu, na ambako Hatibu alizaliwa.

"Watu wa Sindeni watalia," Nakunda alisema. "Lakini hesabu ni hesabu. Fomu inataka utaratibu ule ule wa hesabu ya kwanza, na hesabu ya kwanza ilifanywa na shemeji kwa korija. Kesho saa sita mchana unatia sahihi, natuma."

"Sawa, mdogo wangu."

Alisema sawa, na moyo wake ukaruka kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyomwaibisha. Kwa sababu yeye alijua. Korija tisini na nane zina wa bahari tisini na nane. Alikuwa amewaona wote kwa macho yake, wakubwa kuliko kiganja, hai, wanene. Miaka iliyopita haikuwa na maana; korija sita, korija kumi na tisa, korija arobaini na moja, ukiwaongeza au ukiwaacha tumbawe lilikuwa bado bichi. Leo samaki elfu mbili na hamsini na nane walikuwa wanaogelea chini ya boti, na yeye hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa kunyamaza tu, na sheria ilikuwa upande wake.

Miaka mitatu mingine ya *Meju, umeona*. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji siku ya funga.

3

Alasiri ile Bi Saumu, mama yake Hatibu, alitoka Sindeni akafika kituo cha wazamiaji na mkate wa kumimina umefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa na miaka sabini na sita, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kata mkate kabla sijakuuliza, nisije nikaumwagia machozi, ukawa na chumvi."

Mejumaa alikata. Walikula vipande viwili viwili. Nje mitungi ya hewa ilikuwa ikijazwa na mashine yake inakohoa.

"Haya. Wametimia?"

"Hawajatimia, mama."

Bi Saumu alifuta makombo kwenye paja, moja moja. Hakulia. Alisema tu kwamba juzi mwalimu wa Sindeni aliwaambia watoto wachore samaki, wakachora kipande cha mraba, maana ndivyo anavyotoka kwenye friji. "Hawana kosa. Kichwa hawajakiona." Kisha akasema, bila kumtazama mkwewe, "Na mimi miaka mitatu ni mingi. Nilitaka nimchambue changu mmoja wa kwetu, nimle na ugali, basi. Zimekosekana korija ngapi?"

"Mbili. Zimefika tisini na nane."

"Na wa bahari umewapeleka wapi?"

Mejumaa aliweka kisu chini. "Wa bahari si tunawaacha, mama? Wanabaki baharini."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Hatibu."

"Hatibu!" Bi Saumu alipiga kofi la mshangao, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kweli. "Ewe mtoto huyo! Alikuwa anashika kapu, macho yako kwa wenzake wanaocheza. Sikiliza. Pale diko la Sindeni, mashua zikifika na samaki wakishuka, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Kila korija, wa kwanza namweka pembeni, kwenye jani, nasema wa bahari. Hahesabiwi kwa mwenye chombo. Tukimaliza, wale walio kwenye jani tunamwita mtu ambaye bahari ilimnyima siku ile. Aliyerudi na kapu tupu, mjane, mgonjwa. Wake huyo. Wa bahari si wa kuachiwa bahari, mwanangu. Ni wa yule aliyenyimwa na bahari. Huyu mpumbavu wangu aliona hawahesabiwi, akadhani hawapo."

Akaendelea kucheka, halafu akaona uso wa mkwewe, akaacha.

"Kuna nini, Meju?"

Ikatoka yote, ovyo, bila mpangilio. Mtaa wa tisa. Sauti ya mafua. Kwamba huzama hata siku zisizo za kazi na kujidai anakagua saruji. Kwamba tisini na nane wako kule chini, na akiwaandika, Hatibu atafutwa kichwani mwa chuma na hatarudi tena. "Namtamani, mama," alisema. "Kila siku namtamani, na kule chini ananiita kwa jina."

Bi Saumu alisukuma mkate pembeni. Mashine ya hewa ikanyamaza, ikaanza tena.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote hii umekaa naye peke yako. Mimi nimemzaa."

"Nisamehe."

"Sijui kama nitaweza. Kesho nipeleke."

"Na hesabu, mama? Niandikeje?"

"Wajua la kuandika," alisema Bi Saumu, na kuanza kufunga kitambaa chake, ingawa mkate ulikuwa haujaisha. "Kama ingekuwa shauri la samaki tu, usingeniuliza."

4

Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa na bahari imelala. Nakunda alimvisha Bi Saumu jaketi la kuelea juu ya buibui, akamfunga kamba kiunoni, akampa miwani ya kuzamia. Bibi akajitazama kwenye kioo cha boti.

"Nimekuwa chura."

"Chura mzuri, bibi," alisema Nakunda.

Alishuka ngazi hadi maji yakamfika kifuani. Mejumaa alikuwa majini kando yake, amemshika mkono. Chini yao mtaa wa tisa ulionekana wazi. "Ingiza kichwa chote, mama. Hadi kisogo. Usisikilize kwa masikio, ngoja tu."

Bi Saumu akavuta pumzi, akaingiza kichwa. Akatoka akikohoa. Hajasikia. Akaingiza tena. Mara ya tatu alikaa. Vidole vyake vikaanza kubana mkono wa Mejumaa, vikabana hadi vikauma, na maji yakawa yanazunguka mabega yake membamba kwa muda ambao Nakunda hakuupenda kabisa. Akainuka. Akavuta pumzi, akarudi. Mara nne. Mara tano. Mwisho Nakunda alimwinua kwa kamba kwa nguvu, kama nanga.

Walimkalisha, wakamfunika kanga.

"Sauti imekonda," alisema. "Alikuwa hali?"

"Alikuwa anakula, mama. Ni mafua tu. Mwezi ule alikuwa na mafua."

"Nilimwambia asikae na nguo mbichi." Akalia sasa, kilio cha wazi, cha mtu ambaye hamwonei haya mtu. Nakunda alitazama upande mwingine, akajishughulisha na kamba ambayo haikuwa na tatizo. Kilio kilipopungua, Bi Saumu alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akamshika mkwewe kidevu kama anavyoshikwa mtoto.

"Jana ulipouliza nikajibu kama mtu mwenye akili. Leo usiniulize kitu, Meju. Leo nitakwambia umwache aendelee kuita, Sindeni na wafe njaa. Usiniulize."

"Sikuulizi, mama."

Mejumaa alichukua ubao. Ulikuwa bado na mistari yake tisini na nane, penseli ya jana haifutiki kwa maji. Alimfikiria Hatibu akiwa mtoto wa miaka saba, kapu mkononi, macho kwa wenzake. Alikosea kwa kutokujua, na kosa lake lilikuwa la kuchekesha. Yeye sasa alijua, na hilo hilo likifanywa na anayejua lilikuwa kitu kingine kabisa. Huko Sindeni kulikuwa na jani tupu, na samaki wake tisini na nane alikuwa amewakalia yeye.

Chini ya mistari akaandika: *na wa bahari 98.* Akapiga jumla. Akatia sahihi.

Nakunda alisoma. Akasoma tena, midomo ikichezacheza kwa hesabu. "Elfu mbili hamsini na nane. Dada, hawa wametoka wapi?"

"Walikuwepo. Tulikuwa hatuwahesabu, kwa kosa la mtu mmoja ambaye hakusikiliza vizuri. Nitakueleza tukifika. Wapo, nimewaona mmoja mmoja."

Nakunda alimtazama, akamtazama bibi aliyejifunika kanga, akatazama maji. Hakuwa mjinga, yeye ndiye aliyejaribu kunasa sauti kwenye simu. "Ukisaini hii nazima leo, dada. Naweza kuwazima wote mimi mwenyewe. Huna haja ya kushuka."

"Zima kumi na mmoja. Wa tisa niachie."

Akampa ufunguo, kipande cha chuma chenye umbo la herufi T. Wakashuka.

Kwa dakika kumi Mejumaa alikaa mwisho wa mtaa wa tisa akiusikia Mjini ukipungua. Manju wa kwanza akanyamaza, wa pili, wa tatu. Alidhani ungekuwa ukimya wa Mwaka wa Joto, ule uliomfanya Hatibu alie ndani ya barakoa. Haukuwa. Chini ya sauti za mashine palikuwa na kelele nyingine, ya ovyo, isiyo na mpangilio, kamba wakibofya, pono wakitafuna saruji. Ilikuwepo siku nyingi. Yeye ndiye hakuwa na nafasi ya kuisikia.

Akabaki wa tisa peke yake. Aliutia ufunguo tunduni, akauacha hapo.

*Wa bahari. Moja. Mbili. Tatu.*

Alingoja. Alijua kinachofuata, na aliogopa kama bibi harusi.

*Meju, umeona?*

"Abee," alisema Mejumaa, ndani ya mpira wa hewa, na mapovu yakampanda usoni. Neno halikuwa neno, lilikuwa mngurumo tu, lakini aliliitika lote, kama mke anavyoitika akiwa jikoni na mume yuko mlangoni. "Abee, Hatibu. Nimeona. Nimewaona wote."

Akazungusha ufunguo.

Alikaa hapo mpaka miwani iliposafika. Kisha akaurudia mtaa kutoka mwanzo, bila ubao, bila kamba. Yule chewa mwenye mdomo mnene alikuwa bado mlangoni pake, hajaenda popote. Mejumaa akasimama mbele yake, akamnyooshea kidole.

Moja.